Prosesa imeingia kwenye soketi, mbona kompyuta haiwaki?

Tangu Oktoba 2025 meza yangu hapa Tabora imekuwa na swali moja. Tarehe 14 ya mwezi ule Microsoft ilifunga rasmi huduma za Windows 10, na watu wenye kompyuta za ofisini zilizotumika, zile zinazoshuka Kariakoo kisha zikapandishwa basi hadi huku, wakaanza kuona ujumbe kwamba mashine zao hazina sifa za kupokea Windows 11. Mtu anafika, anasalimia, anaweka boksi mezani: "Fundi, si unibadilishie CPU tu yaishe?"

Mara nyingi haiwezekani. Na pale inapowezekana, mara nyingi haimpi alichokuwa anakitafuta. Nimeshalieleza jambo hili kwa mdomo mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naliandika.

Tuanze na jina lenyewe, maana hapo ndipo watu wanapoanza kupishana. Huku kwetu "CPU" ni lile boksi zima linalokaa chini ya meza. Mzee mmoja wa Kanyenye aliwahi kuniambia CPU yake imeliwa na panya. Alikuwa na maana panya ameingia kwenye boksi akatafuna waya. Kwa fundi na kwa muuza vipuri, CPU ni kitu kimoja kidogo kilichomo ndani ya boksi hilo: kibamba chenye pembe nne, karibu sentimeta 4 kila upande, chenye kofia ya chuma juu. Humu nitakiita prosesa ili tusichanganyane. Prosesa ndiyo inayopiga hesabu zote za kompyuta. Inakaa juu ya bodi kubwa ndani ya boksi, ile inayobeba kila kitu, ambayo mafundi tunaiita mazabodi. Na pale hasa inapokalia, kile kikalio chenye fremu ya chuma na wenzo wa kubana pembeni, ndiyo soketi.

Geuza prosesa ya kampuni ya Intel ya miaka ya karibuni. Chini utaona vitone vya rangi ya dhahabu, mamia kwa mamia, vimepangwa kama mbegu za alizeti. Karibu kila kitone kina kazi yake. Vingine vinaingiza umeme, vingine vinaurudisha, vingine vinapeleka taarifa kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, vingine kwenye kadi ya picha. Ndani ya soketi kuna pini laini zilizoinama kidogo, na kila pini inagusa kitone chake. Idadi ya hivyo vitone ndiyo inayozipa soketi za Intel majina: LGA775 ya mwaka 2004, LGA1155 ya 2011, LGA1150 ya 2013, LGA1151 ya 2015, LGA1200 ya 2020, LGA1700 ya 2021, LGA1851 ya 2024. AMD, washindani wa Intel, wao kwa miaka mingi waliziweka pini kwenye prosesa yenyewe na kuacha vitundu kwenye bodi. Soketi yao ya AM4 ina vitundu 1331. Mwaka 2022, walipotoa AM5 yenye pini 1718, nao wakahamia mtindo wa pini kukaa kwenye bodi.

Hadi hapo jambo ni rahisi: prosesa ya LGA1155 haikai kwenye LGA1150, na ya AMD haikai kwenye bodi ya Intel. Zamani haikuwa hivyo. Kwenye miaka ya 1990 soketi iliyoitwa Socket 7 ilipokea prosesa za Intel, za AMD na hata za Cyrix, halafu kila mtu akashika njia yake.

Mtu wa Tabora hahitaji kufundishwa hili kwa maneno mengi, maana mji huu umeishi na reli zaidi ya miaka mia moja. Reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1000. Ile ya SGR ni 1435. Hakuna anayetegemea behewa la moja litembee juu ya nyingine, tofauti unaiona kwa macho. Lakini reli ya TAZARA ina milimita 1067. Ni milimita 67 tu za ziada, hazifiki urefu wa kidole chako cha kati, na ukiziangalia kwa mbali utasema ni reli ile ile. Pamoja na hivyo, pale Kidatu zinapokutana, mzigo lazima uhamishwe kutoka upande mmoja kwenda mwingine. LGA1156 na LGA1155 ndivyo zilivyo. Tofauti ni kitone kimoja, lakini vile vikato viwili vya pembeni vinavyoelekeza ukaaji wa prosesa vilihamishwa, na ukilazimisha unavunja.

Wengi wakishaelewa hapo wanadhani wamemaliza. Hapo ndipo hela zinapopotea.

Dada mmoja mwenye steshenari Isevya ana mashine yenye i5-7500, prosesa ya kizazi cha 7. Akasikia, na ni kweli, kwamba Windows 11 kwa ujumla inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Akaingia mtandaoni, akasoma kwamba i5-7500 ni ya LGA1151, akasoma kwamba i5-8400 nayo ni ya LGA1151, akaagiza. Ikafika kwa basi ikiwa imeviringishwa karatasi laini ndani ya kiboksi cha viberiti, akaniletea pamoja na mashine. "Kazi ya dakika kumi hii, fundi. Nimeshafanya utafiti mwenyewe."

Nilimwambia haitawaka. Hakuniamini, na simlaumu, kwa sababu namba zilikuwa upande wake. Kwa hiyo nilifungua mbele yake. Nikaondoa feni, nikafuta grisi ya kupoza iliyokuwa imekauka kama ugali wa jana, nikainua wenzo, nikatoa prosesa ya zamani. Mpya ikakaa bila kubishana, vikato vimelingana, wenzo ukashuka kwa uzito wake wa kawaida. Dada akanitazama kwa jicho la "si nilikwambia". Tukawasha. Feni ikazunguka, taa ikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Tukasubiri. Ikabaki nyeusi.

Kilichotokea ni kwamba LGA1151 ni soketi mbili zenye jina moja. Ya kwanza ilitoka 2015 kwa ajili ya vizazi vya 6 na 7. Mwaka 2017, Intel walipotoa kizazi cha 8, i5 ilipanda kutoka kori 4 hadi kori 6, yaani vichwa sita vinavyofanya kazi kwa pamoja badala ya vinne. Vichwa zaidi vinataka umeme zaidi. Wakaacha umbo na idadi ya vitone vilevile, ila kazi za baadhi ya vitone wakazibadili: vile vya kuingiza umeme vikatoka 128 vikawa 146, kwa kutumia vitone ambavyo kabla yake vilikuwa vimewekwa akiba. Turudi kwenye reli. Chukua kichwa cha treni cha umeme cha SGR, ukiweke kwenye reli yenye upana ule ule wa 1435 lakini isiyo na nyaya za umeme juu yake. Magurudumu yatakaa sawasawa kabisa. Treni haitasogea.

Umeme si kikwazo pekee. Kwenye mazabodi kuna chipu nyingine inayoitwa chipseti, inayosimamia mawasiliano kati ya prosesa na USB, diski, sauti na vinginevyo. Mazabodi ya yule dada ina chipseti ya B250. Prosesa za kizazi cha 8 zinataka chipseti za mfululizo wa 300, kama H310, B360 au Z370. Halafu kuna BIOS, programu ndogo inayokaa kwenye bodi na kuamka kabla ya kitu kingine chochote. Ifikirie kama yule jamaa anayesimama mlangoni mwa ukumbi wa harusi na orodha mkononi. Umevaa suti na umekuja na zawadi, lakini jina lako halimo, unabaki nje. Orodha ya BIOS iliandikwa siku bodi ilipotengenezwa, na prosesa iliyozaliwa baadaye haimo mpaka mtengenezaji wa bodi atoe orodha mpya.

Na hapa niseme ukweli wote. Kuna watundu mtandaoni waliobadilisha BIOS kwa mikono yao, wakaziba vitone fulani kwa utepe, na prosesa za kizazi cha 8 zikawaka kwenye bodi za zamani. Kwa hiyo kikwazo kilikuwa cha ufundi kwa sehemu tu, sehemu nyingine ni kampuni kuamua hivyo. Mimi kwenye mashine ya mteja anayetegemea kuchapa barua za watu kila asubuhi, sifanyi hivyo.

Kwa nini wanabadilisha soketi kila mara? Biashara imo, tusidanganyane: bodi mpya ni mauzo mapya. Ila zipo sababu za kweli. Kizazi cha 4 cha Intel kilihamishia ndani ya prosesa kifaa cha kupima na kugawa umeme ambacho awali kilikuwa kwenye bodi. Kizazi cha 6 kikakirudisha nje. Njia za umeme zikibadilika hivyo, soketi haiwezi kubaki ileile. RAM nayo inabadilika aina: bodi za LGA1155 zinatumia DDR3, AM4 inatumia DDR4, AM5 inatumia DDR5. Mtu akikwambia ubadilishe prosesa kwenda soketi mpya, mara nyingi anakwambia ununue bodi mpya na RAM mpya pia, ingawa hakutaja.

Upande wa AMD unaonyesha kwamba kuvumilia kunawezekana. AM4 ilianza kupokea Ryzen za kwanza, prosesa za AMD, mwaka 2017 na ikaendelea hadi mfululizo wa 5000. Bodi ya mwanzo kabisa inaweza kubeba prosesa ya miaka mitatu minne baadaye, almuradi BIOS yake imesasishwa. AMD wenyewe waliwahi kuzinyima bodi hizo za mwanzo ruhusa ya kupokea Ryzen 5000, kisha mwaka 2022 wakalegeza.

Kusasisha BIOS kunahitaji neno la tahadhari kwa sisi wa huku. Zoezi lenyewe ni dakika chache: unapakua faili kwenye tovuti ya mtengenezaji, unaliweka kwenye flashi, unaingia kwenye BIOS, unaanzisha. Lakini umeme ukikatika katikati, bodi inaweza kusahau hata namna ya kuamka, na nyingi za zamani hazina njia rahisi ya kuifufua. Bila UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, sigusi BIOS ya mtu. Na usianze kabla hujahakikisha ni faili la bodi yako hasa, maana bodi mbili zenye chipseti moja kutoka kampuni mbili hazibadilishani BIOS. Jambo jingine ambalo watu hulisahau: BIOS isasishwe prosesa ya zamani ikiwa bado imekaa. Ukishaweka mpya isiyotambulika, hutaona skrini ya kufanyia hayo yote.

Sasa yale ninayosikia vijiweni.

La kwanza ni hili la "nataka i7". i3, i5 na i7 ni madaraja ndani ya kizazi, kama darasa la treni. Hayakwambii treni ni ya mwaka gani. Mwaka unasomeka kwenye namba inayofuata: i5-2400 ni kizazi cha 2, i5-7500 cha 7, i5-12400 cha 12. Ile i3-8100 ina kori 4, sawa na i5 za kizazi cha 7. Mtu anayekuuzia "i7" bila kutaja namba kamili, mwombe namba kamili. Akisema haijui, mshukuru uondoke.

Herufi ya mwisho nayo ina lake. T ni prosesa ya umeme mdogo, kawaida wati 35. K inaruhusu kuongezwa kasi. F haina sehemu ya picha ndani yake. Hii F imewaliza wengi: prosesa inaingia, soketi sahihi, chipseti sahihi, BIOS sahihi, na skrini bado nyeusi kwa sababu mashine haina kadi ya picha ya kujitegemea. Ryzen nyingi za AM4 zisizo na herufi G ziko hivyohivyo.

Halafu joto. Soketi moja hupokea prosesa za wati 35 na za wati 95. Mashine ndogo zile za kukaa nyuma ya skrini, ukubwa wa kitabu, nyingi zimetengenezwa kwa wati 35, na chuma chake cha kupozea ni chembamba kama kipande cha muhogo wa kukaanga. Ukiweka kubwa zaidi kwenye joto la Tabora la mwezi wa kumi, itajipunguza kasi yenyewe ili isiungue, na hutapata kasi uliyoilipia. Feni zenyewe pia zina vipimo: umbali kati ya matundu ya kufungia ni milimita 72 kwa LGA775, 75 kuanzia LGA1156 hadi LGA1200, na 78 kwa LGA1700.

Laptopu nitazipita haraka kwa sababu jibu ni hapana. Hadi kizazi cha 4 cha Intel baadhi zilikuwa na prosesa ya kuchomoa, zile zinazoishia na M, kama i5-4300M. Zinazoishia na U zimelehemiwa kwenye bodi. Kuanzia kizazi cha 5 karibu zote zimelehemiwa.

La mwisho la kijiweni ni kwamba pini ya soketi ikipinda, bodi imekufa. Hili nalijua kwa aibu yangu. Miaka michache nyuma nilikuwa naweka prosesa kwenye bodi ya LGA1150, jasho mikononi, na kona moja ikaniponyoka. Ilianguka kutoka urefu usiozidi unene wa kidole. Nikamulika kwa tochi ya simu: kwenye shamba lile la pini zilizolala upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo, nne zilikuwa zimelala upande wake peke yake. Nilitumia sindano ya kushonea na kioo cha kukuzia nilichoazima kwa fundi saa, pini moja baada ya nyingine, nikishusha pumzi kila baada ya kugusa. Ilinichukua saa nzima na zaidi. Ikawaka. Pini iliyopinda inanyooshwa, iliyokatika ndiyo shida, na hata hapo inategemea ilikuwa na kazi gani. Tangu siku hiyo bodi isiyo na prosesa haikai mezani kwangu bila kifuniko chake cha plastiki. Ukinunua bodi iliyotumika, dai kifuniko hicho, na umulike ndani kabla hujatoa hela.

Ukitaka kujua uliyonayo bila kufungua boksi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, bonyeza Enter. Utaona jina kamili la prosesa na jina la bodi. Programu ya bure ya CPU-Z itakuonyesha na soketi na chipseti. Ukishapata jina la bodi, au modeli ya kompyuta kama ni ya kampuni kubwa, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji utafute orodha ya prosesa zinazokubalika. Orodha hiyo ndiyo yenye neno la mwisho. Zingatia kwamba kwenye mashine za ofisini, kampuni wakati mwingine huiacha BIOS na orodha fupi kuliko ile ambayo chipseti ingeruhusu.

Kubadilisha prosesa ndani ya bodi ileile kuna maana pale unapotoka chini kwenda juu ndani ya familia moja: una i3 ya kizazi cha 6, unapata i5 au i7 ya kizazi cha 6 au 7 kwa bei nzuri. Kazi zitakwenda haraka zaidi, lakini Windows 11 haitakukubali. Na kama tatizo lako ni kwamba mashine inachukua dakika nne kuamka, mara nyingi prosesa haihusiki. Huenda bado unatumia diski ya kuzunguka. Weka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, ongeza RAM ifike GB 8, uone.

Hilo ndilo tulilofanya kwa dada wa Isevya. i5-7500 yake ikarudi kwenye kiti chake, ikapata grisi mpya na SSD, na anaendelea kuchapa. Mambo ya benki na ya barua pepe ameyahamishia kwenye simu, Windows 10 yake haiunganishwi na intaneti tena. Muuzaji wa ile i5-8400 alikataa kuirudisha, akisema haina tatizo, na kwa hilo alikuwa sahihi. Dada ameniachia niiuze. Iko kwenye droo yangu, ndani ya kiboksi kilekile cha viberiti, na mwenye bodi ya H310 au B360 anayetaka kori sita anajua pa kunipata, ila aje na jina kamili la bodi yake.